Mshahara wa daktari wa meno: kwa nini haulingani kila mahali

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti mbele ya wakulima wa chai na wakazi waliokutana Kapkatet. Yamefupishwa kidogo ili yatoshee katika jarida.



Nilipoalikwa hapa niliombwa nieleze ratiba ya vikao vya bajeti. Nitaifikia, msiwe na wasiwasi. Lakini majuzi nilikuwa kwenye kituo cha kupimia majani chai, na mama mmoja akaniita kando. Shavu lake lilikuwa limefura, na leso ameifunga kuanzia kidevuni hadi utosini. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unafanya kazi kaunti. Niambie ukweli. Yule daktari wa meno aliondoka kwa sababu Nairobi wanalipwa mara mbili?"

Sikuwa na jibu pale pale. Kazi yangu ni habari, na swali lake ni la habari, kwa hiyo nikaenda kulitafutia jibu. Leo nawaletea nilichokipata, kwa sababu naamini si yeye peke yake anayejiuliza.

Jibu kwa ufupi ni hili: mshahara wa msingi wa daktari wa meno wa serikali unakaribia kulingana nchi nzima. Kisicholingana ni kile kinachoongezwa juu yake. Na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo haitoki serikalini hata kidogo.

Tuanze na chai

Nitumie mfano ambao hakuna mtu hapa anayehitaji kufundishwa. Mkulima mdogo analipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka kiwandani. Halafu mwaka wa fedha ukiisha mwezi Juni, hesabu zinafungwa, na kufika karibu Oktoba bonasi inatangazwa. Hapo ndipo maneno huanza. Mkulima wa upande wa Mlima Kenya mara nyingi hupata bonasi kubwa kuliko wa Litein, Kapkatet au Mogogosiek, ingawa mgongo unaouma ni ule ule na kilo ni kilo.

Ugomvi wa bonasi si wa leo, wala sikuja kuuamua. Nataka tu tuone umbo lake. Malipo ya kila mwezi hayatofautiani sana. Kinachotofautiana ni bonasi, kwa sababu inategemea kiwanda chako kiliuza kwa bei gani kwenye mnada wa Mombasa, na kilitumia kiasi gani kuendesha shughuli zake.

Mshahara wa daktari wa meno una umbo hilo hilo. Kuna sehemu iliyopangwa kwa wote, na kuna "bonasi" ambayo inategemea mahali alipo, mwajiri wake ni nani, na wagonjwa wake wana nini mfukoni.

Sehemu inayolingana

Kijana anayetaka kuwa daktari wa meno husoma shahada kwa miaka 5, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Nairobi au Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret. Baada ya hapo anafanya mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi peke yake.

Mnakumbuka mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56 kuanzia Machi hadi Mei. Moja ya sababu zake kubwa ilikuwa malipo ya wanagenzi hawa. Mkataba wa mwaka 2017 kati ya serikali na chama chao cha KMPDU, ambacho kinawaunganisha madaktari, wanafamasia na madaktari wa meno, uliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ikasema inaweza kulipa 70,000. Walivutana hadi Desemba 2024, ndipo wakakubaliana kurudi kwenye kiwango cha mkataba.

Sikutaja mgomo huo ili kuufufua. Nataka mwone kwamba kiasi kilichokuwa kikigombaniwa hakikuwa na jina la kaunti. Kilikuwa kimoja kwa mwanagenzi wa Lodwar, wa Kericho na wa Nairobi.

Akimaliza uanagenzi na kuajiriwa, anaingia daraja la kazi M. Mshahara wa msingi wa daraja hilo unafuata viwango vya Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, ambayo iliundwa chini ya Katiba ya mwaka 2010. Hapo bado hakuna tofauti kubwa ya kumfanya mtu afunge virago.

Tofauti inapoanza

Sasa tuwachukue wanafunzi watatu waliohitimu siku moja. Wa kwanza kaajiriwa Nairobi, wa pili Turkana, wa tatu amekuja kwetu huku kwenye majani chai.

Wa Nairobi anapata marupurupu makubwa ya nyumba. Viwango vya nyumba hupangwa kwa kuangalia mtu anafanyia kazi wapi, na Nairobi iko juu kuliko kwingine kwa sababu kodi ya huko ni kali. Ukiangalia hati yake ya mshahara utadhani amependelewa. Lakini mwenye nyumba wake anazichukua pesa hizo tarehe moja asubuhi.

Wa Turkana hapati marupurupu ya nyumba ya kiwango hicho, lakini anapata marupurupu ya mazingira magumu. Serikali huwalipa watumishi wa maeneo kama Turkana, Mandera, Wajir na Marsabit nyongeza hii kwa sababu ya umbali, joto, uhaba wa huduma na wakati mwingine usalama. Ni haki yao. Anayefanya kazi mahali ambapo gari la kurudi nyumbani linachukua siku nzima anastahili kitu.

Na wa kwetu? Milima ya chai haihesabiwi kuwa mazingira magumu. Mvua inanyesha, kijani kibichi kimetanda, lami inapita kati ya mashamba, na mgeni akipita anasema hapa ni peponi. Kwa hiyo hapati nyongeza ya mazingira magumu, na marupurupu yake ya nyumba hayafiki ya Nairobi. Yuko katikati. Na katikati, ndugu zangu, ndipo mahali panaposahaulika kwa urahisi.

Waajiri 47

Kuna sababu ya pili, na hii inatuhusu sisi wa kaunti moja kwa moja. Hadi mwaka 2013, daktari wa meno wa serikali alikuwa na mwajiri mmoja, serikali ya kitaifa. Ugatuzi ulipokuja, hospitali za kaunti zikahamia kwa serikali za kaunti. Mwajiri mmoja akageuka waajiri 47, kila mmoja na bodi yake ya utumishi wa umma na bajeti yake.

Kiwango cha mshahara kilibaki kimoja kwenye karatasi. Lakini kupandishwa cheo, kuruhusiwa kwenda kusomea ubingwa, kulipwa malimbikizo ya mkataba wa 2017, hata mshahara kufika kwa tarehe yake, yote hayo yakategemea kaunti. Pesa za mgao zikichelewa kutoka Hazina ya Kitaifa, kaunti yenye akiba inavumilia, na isiyo na akiba inachelewesha mishahara. Madaktari wawili wenye shahada moja na miaka sawa ya kazi wanaweza kuwa mmoja yuko daraja la juu na mwingine hajasogea tangu aajiriwe. Hapo tofauti ya mshahara ni ya kweli, na haikuletwa na ramani. Imeletwa na nafasi za vyeo kutotengewa fedha.

Tena kuna kanuni ya fedha za kaunti ya mwaka 2015 inayosema mishahara ya wafanyakazi wote isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Ni kanuni nzuri, inazuia pesa zote kuishia mishaharani bila barabara wala dawa. Lakini inamaanisha kila daktari wa meno anayeajiriwa amepimwa dhidi ya muuguzi, afisa wa maabara na mwalimu wa chekechea. Mwalimu wa chekechea naye pia analipwa na kaunti.

Hospitali za misheni, kama Tenwek kule Bomet na AIC Litein hapa jirani, hujipangia viwango vyao. Kwa hiyo hata ndani ya saa moja ya matatu unaweza kukuta madaktari wa meno wenye mishahara tofauti.

Na msichanganye daktari wa meno na afisa wa afya ya kinywa aliyesomea stashahada katika KMTC. Wote wanaweza kukuhudumia kwa mambo fulani, lakini masomo yao, madaraja yao na mishahara yao ni tofauti. Mara nyingi mtu akisema "wa pale analipwa kidogo" anawalinganisha watu wa kada mbili.

Nyongeza isiyotoka serikalini

Sasa tufike kwenye tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Daktari anayeacha kazi ya serikali na kufungua kliniki yake anauliza swali moja: wagonjwa wangu watalipa nini?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Kericho ilikuwa na 901,777 na Bomet 875,689. Lakini idadi peke yake haielezi yote. Nairobi kuna maelfu ya watu wenye bima ya mwajiri inayolipia meno. Mtu huyo huja kusafishwa meno hata kama haumwi. Akiwa na tundu dogo, linazibwa. Jino likioza hadi ndani, anatibiwa mzizi na jino linabaki. Kila moja ya huduma hizo ni malipo kwa kliniki.

Kwetu hali ni nyingine, na sisemi kwa kudharau, maana ndivyo tulivyolelewa. Mchuma chai analipwa kwa kilo. Siku asiyoingia shambani ni siku isiyo na kilo. Kwa hiyo anavumilia. Anatafuna karafuu, anameza dawa ya maumivu ya dukani, anafunga leso. Anakuja kwa daktari siku ambayo hakulala, na anachoomba ni king'olewe tu, kwa sababu kung'oa ni bei nafuu kuliko kuokoa na hakuna kurudi mara ya pili. Daktari wa kliniki ya Kericho amenunua kiti, kompresa, mashine ya eksirei na mashine ya kuchemshia vifaa kwa bei ile ile ya mwenzake wa Nairobi, akaongeza na usafiri. Lakini kazi anayoipata ni ya bei ya chini. Hesabu hiyo ndiyo inayowavuta madaktari kwenda miji mikubwa, kuliko mshahara wowote wa serikali.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Uingereza ni nchi tajiri, na bado ina miji midogo na vijiji ambako watu hawapati daktari wa meno wa huduma ya umma. Mwaka 2024 serikali yao ilitangaza kuwapa madaktari wa meno hadi 240 pauni 20,000 kila mmoja ili wakubali kufanya kazi katika maeneo yenye upungufu. Tunajifunza nini? Kwamba madaktari hawaendi penye maumivu mengi. Huenda penye njia ya kuishi. Anayetaka waende penye maumivu lazima aitengeneze hiyo njia.

Kwa hiyo aliondoka kwa nini?

Narudi kwa swali la mama. Siwezi kuzungumzia mambo ya siri ya mtumishi yeyote. Lakini nilimtafuta daktari mmoja wa meno, si wa hapa, aliyewahi kuacha kazi ya kaunti mashambani na kwenda mjini. Nilimuuliza kama ni pesa.

Akacheka. Akasema pesa zilikuwepo, lakini si mshahara wa msingi. Kwanza alikaa daraja moja kwa miaka mingi bila kupandishwa. Pili, mshahara ulikuwa unachelewa hadi mkopo wa benki ukamwekea faini. Tatu, kiti cha meno kiliharibika, na kwa miezi kadhaa hakikutengenezwa. Akawa anawaketisha wagonjwa kwenye kiti cha kawaida na kuwang'oa. Aliniambia, "Nilisomea kuokoa meno, nikawa mtu wa kuyang'oa." Mjini alienda kulipwa zaidi, ndiyo, lakini pia alienda kufanya kazi yake.

Nimelifikiria sana neno hilo. Kaunti ya katikati kama yetu haiwezi kushindana na kliniki za Nairobi kwa pesa. Haina pia nyongeza ya mazingira magumu ya kumshikilia mtu. Lakini mambo matatu aliyoyataja yule daktari hayahitaji utajiri wa Nairobi. Cheo kwa wakati wake, mshahara kwa tarehe yake, na kiti kinachofanya kazi. Yote matatu ni mambo ya bajeti, na bajeti ni yenu.

Mlango wenu uko hapa

Sasa nifike kwenye ratiba niliyoitiwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha, ambao unapanga kila idara ipate kiasi gani, unafika kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti yenyewe yanafika kufikia tarehe 30 Aprili. Katika safari hiyo lazima wananchi washirikishwe.

Nimehudhuria vikao hivyo vingi kwa ajili ya kuandika habari. Watu huomba barabara, maji, bwawa la ng'ombe na transfoma. Ni mahitaji ya haki. Lakini sijawahi kusikia mtu akisimama kuuliza kuhusu kiti cha meno. Na kisichoulizwa, mwandalizi wa bajeti anadhani hakihitajiki.

Kwa hiyo nawaomba mje na maswali matatu. La kwanza: katika hospitali yetu kuna nafasi ngapi za daktari wa meno zilizoidhinishwa, na ngapi zina mtu? La pili: kiti na eksirei vinafanya kazi leo, na pesa za kuvitengeneza zimewekwa fungu gani? La tatu: wahudumu wa afya wanaostahili kupandishwa cheo mwaka huu wametengewa fedha?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hamwombi fadhili mkiuliza. Hata ofisi yangu mkija mniulize, nitawatafutia. Jibu likiwa si zuri, nitawaambia hivyo hivyo lilivyo. Sikuja kuahidi daktari wala kiti, kwa sababu si mimi ninayepitisha bajeti.

Wakati tukingoja

Mambo mawili ya mwisho. Penye upungufu wa madaktari, matapeli hujitokeza. Kuna watu wanaozunguka sokoni na koleo, wanang'oa jino kwa bei ya kilo mbili za sukari. Kifaa kisichochemshwa kinaweza kukuletea ugonjwa mbaya kuliko jino lenyewe. Daktari wa meno halali amesajiliwa na Baraza la KMPDC, na ana leseni. Omba kuiona. Daktari wa kweli hakasiriki.

La pili, uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne na mtu mzima mmoja kati ya watatu walikuwa na meno yaliyooza. Wazee wetu zamani waling'olewa meno mawili ya mbele ya chini kwa mila, na yaliyobaki walikufa nayo yakiwa imara. Sisi hatung'olewi kwa mila, lakini tunayapoteza moja moja kwa sukari. Chai yetu haina kosa. Vijiko vinne vya sukari ndani ya kikombe ndivyo vyenye kosa. Mswaki na dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala, na mtoto asimamiwe hadi ajue.

Yule mama alisafiri hadi mji mwingine. Alipoteza siku mbili za kuchuma, akalipa nauli kwenda na kurudi, na jino likang'olewa. Aliambiwa kwamba angefika miezi michache mapema lingezibwa, likabaki. Nilipomwona tena nilimweleza haya yote niliyowaeleza ninyi: marupurupu, waajiri 47, kiti kilichoharibika. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kikao cha bajeti ni lini, na kama mtu asiye na jino anaruhusiwa kusema.

Nikamwambia anaruhusiwa. Nanyi pia.